Uchi, Utupu na Tumbo Wazi: Mwili Usiovikwa katika Fotografia ya Awali na Usomaji wake Usukumani

Historia ya picha za uchi katika fotografia ya kisanaa huanzia Paris, na wasomi wengi huiacha hukohuko. Kwa mtafiti anayeisoma kutoka Bariadi, ugumu wa kwanza ni wa msamiati. Tangu Kenneth Clark achapishe kitabu chake kuhusu mwili uchi katika sanaa mwaka 1956, wahakiki wa Kiingereza wamezoea kutofautisha maneno mawili: moja la mtu aliyevuliwa akaona haya, jingine la mwili uliopewa umbo na msanii. Kiswahili hakigawi hivyo. Uchi na utupu yote mawili hubeba fedheha, na “uchi wa mnyama” huizidisha. Mpaka wake uko penginepo: mtu aliye tumbo wazi hayuko uchi. Mwanamume anayepalilia pamba tumbo wazi huko Itilima hamwaibishi yeyote. Mpaka huu wa Kiswahili, kuliko ule wa Clark, ndio unaoeleza vizuri zaidi kilichotokea kamera ilipofika Afrika Mashariki.

Fotografia ilitangazwa Paris mwaka 1839, na muda si mrefu miili isiyovikwa ikaanza kupigwa picha. Ili picha hizo ziuzwe bila kuingiliwa na polisi, zilihitaji kisingizio, na kilichokubalika kilikuwa mafunzo ya wachoraji. Eugène Delacroix alichora misuli na mikao akitumia picha za Eugène Durieu za mwaka 1854. Félix-Jacques Moulin, aliyepiga picha za jamii hiyohiyo, alifungwa jela mwaka 1851 kwa kosa la picha chafu. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alionesha mjini Manchester picha kubwa aliyoiunga kwa negativu zaidi ya 30, ikiwa na wanawake wasiovaa nguo. Malkia Victoria alinunua nakala, ilhali huko Scotland kazi hiyohiyo ilizua mzozo. Kwa hiyo hadhi ya picha haikuamuliwa na mwili. Iliamuliwa na maelezo yaliyoambatana nayo, na mahali ilipotundikwa.

Nje ya Ulaya kisingizio kilikuwa sayansi. Mwaka 1869 Thomas Henry Huxley, kupitia Wizara ya Makoloni ya Uingereza, aliomba picha za watu wa himaya wakiwa uchi, wima, mbele na ubavuni, pamoja na kipimo cha urefu. Mwaka huohuo John Lamprey alipendekeza fremu ya nyuzi za hariri yenye miraba ya inchi mbili, isimamishwe nyuma ya mwili ili upimike. Makoloni mengi hayakutekeleza ombi la Huxley kikamilifu. Pale lilipotekelezwa, waliosimama mbele ya kamera mara nyingi walikuwa wale wasio na uwezo wa kukataa, kama wafungwa wa gereza la Breakwater mjini Cape Town. Mpaka kati ya sayansi na sanaa nao haukuwa imara: mwaka 1901 Carl Heinrich Stratz alichapisha nchini Ujerumani kitabu kuhusu uzuri wa wanawake wa mataifa mbalimbali, ambamo picha za kipimo na picha za kupendeza jicho zimechanganywa bila aibu.

Unguja inaonesha jinsi vazi lilivyokuwa na lugha yake kabla lenzi haijalitafsiri. Kabla ya utumwa kupoteza uhalali wa kisheria hapo mwaka 1897, vazi hafifu la merikani au kaniki na kichwa kisichofunikwa vilikuwa alama ya daraja. Waliokuwa watumwa walipopata nafasi walikimbilia kanga, kanzu, kofia na, baadaye, buibui. Hivyo mabega wazi ya mwanamke katika postikadi ya Unguja hayakuwa desturi wala sanaa. Yangeweza kuwa kumbukumbu ya udhalili ambao mwenyewe alikuwa akijitahidi kuuacha. Mnunuzi wa Hamburg hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Usukumani hali ilikuwa nyingine, na hapa ndipo jina moja la “picha za uchi” linapopotosha zaidi. Ngozi, shanga na bangili za waya vilikuwa mavazi kamili yenye kuonesha umri na mali, na aliyevivaa alikuwa amevaa. Luteni Paul Kollmann, katika kitabu chake cha mwaka 1898 kuhusu watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, Wasukuma wakiwemo, aliliweka vazi katika mfululizo mmoja na silaha na vyombo. Mwaka 1911 mwanajiografia Erich Obst aliwafikia Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao sehemu yao leo huishi wilayani Meatu. Kwa macho ya msomaji wa Ulaya, mtu wa ngozi na shanga alikuwa nusu uchi. Kwa macho ya jirani yake, pengine alikuwa amejipamba.

Suala hili si la makavazi pekee. Mkusanyo wa picha za kikoloni ulioko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, wenye picha zaidi ya 50,000, umewekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye simu mjini Bariadi anaweza kuufungua. Katika makusanyo ya namna hii maelezo mengi hutaja kabila na mahali, si jina. Leo mtafiti anayempiga picha mzee wa Maswa hutakiwa kupata ridhaa yake. Bibi wa mzee huyo huweza kuchapwa katika tasnifu bila kuulizwa yeyote, kwa hoja kwamba picha ni ya kale. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa wajukuu wapo. Kama picha ni lazima ichapwe, maelezo yake yataje kilichovaliwa, nani alipiga, kwa ajili ya soko gani au ofisi gani, na kama aliyepigwa aliweza kukataa. Neno “uchi” litumike pale tu ambapo aliyepigwa picha, kwa mila za kwao, angejiita hivyo.