Jasho Lisilokauka

Mkimbiaji wa ridhaa aliyezoea kumaliza marathoni kwa saa nne kule Nairobi au Arusha, akishuka pwani akatumia saa nne na nusu, hupewa hukumu moja tu: hakujiandaa. Hukumu hiyo huonekana ya haki kwa sababu, kwa hesabu ya kawaida, pwani ilipaswa kumpa nafuu. Kila pumzi ya usawa wa bahari ina oksijeni nyingi kuliko pumzi ya Nairobi, mji ulio kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,800, na barabara za ufukweni hazina vilima vya kutisha. Hesabu hiyo imeacha nje joto la mwili na njia ya kulitoa. Ninachodai ni kwamba katika marathoni ya pwani ya tropiki saa ya mkimbiaji hupima hewa kabla haijapima miguu, na anayepanga kasi yake kwa muda aliouweka bara anajiandalia mbio ambazo siku hiyo hazipo.

Tuanze na misuli. Kukimbia kilomita moja humgharimu mtu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake, aende mbio au polepole. Mwenye kilo 70 akimaliza kilomita 42 na mita 195 atakuwa ametumia karibu kilokalori 2,950. Robo yake, au pungufu ya robo, ndiyo iliyomsogeza. Zaidi ya 2,200 zilizobaki ni joto tupu. Joto hilo likibaki lote ndani lingempandisha nyuzi zaidi ya 30, ilhali mwili hauvumilii kupanda kwa zaidi ya nyuzi tatu au nne. Njia kuu ya kuliondoa ni jasho. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi, kwa hiyo lita nne zingetosha kulipa deni lote, na mtu aliyezoea mazoezi anaweza kutoa lita moja na zaidi kwa saa. Kwenye karatasi, deni linalipika.

Lakini jasho linalodondoka barabarani halijampoza mtu. Limempunguzia maji bure. Mtungi wa udongo hufanya vivyo hivyo: katika ukavu wa Dodoma maji yake hupoa vizuri, ila katika fukuto la Februari pale Tanga mtungi hulowa nje na maji yakabaki vuguvugu. Wengi husoma asilimia ya unyevu kwenye simu zao na kupotea papo hapo. Alfajiri ya Iten, kwenye nyuzi 12, unyevu unaweza kufika asilimia 90 na mkimbiaji asione tabu, kwa kuwa hewa baridi kiasi hicho hubeba mvuke usiofika gramu 10 kwa kila mita ya ujazo. Ngozi iliyolowa, yenye nyuzi 35, imegusana na hewa yenye karibu gramu 40. Tofauti hiyo ya gramu 30 ndiyo inayovuta jasho liondoke. Sasa chukua asubuhi ya msimu wa kaskazi Mombasa au Dar es Salaam, nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85. Hewa tayari imebeba gramu 23, na tofauti imebaki 17. Nguvu ya kukausha jasho imeshuka hadi kukaribia nusu, na jua bado halijakaza.

Ushahidi wa barabarani unakubaliana na hesabu hii, na mzuri kuliko wote ni wa mwanamke mmoja katika mwaka mmoja. Januari 2019 Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Dubai kwa saa 2:17:08. Septemba mwaka huohuo alishinda ubingwa wa dunia Doha, kwenye barabara ya ufukweni, kwa saa 2:32:43. Miji yote miwili iko kando ya Ghuba na yote ni tambarare. Mbio za Doha zilianza dakika moja kabla ya saa 6 usiku ili kulikwepa jua, na jua lilikwepwa kweli, lakini joto lilikuwa juu ya nyuzi 30 na unyevu juu ya asilimia 70. Wanawake 68 walianza, 28 hawakumaliza. Mtu anaweza kusema kwamba mbio za ubingwa hukimbiwa kwa hila, bila wa kuvuta kasi, na anayesema hivyo ana haki yake: sehemu ya zile dakika 15 ni mbinu tu. Anaweza pia kuitaja kesi ya dawa zilizokatazwa iliyomkuta mwanariadha huyu mwaka 2025, ingawa hapa tunamlinganisha na yeye mwenyewe. Lakini mbinu haimfanyi mtu aondoke barabarani kwa machela. Karibu zaidi na nyumbani, Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu kila mwaka tangu 2002, aliziacha zikikaribia kwisha. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda.

Wenyeji wa pwani wana pingamizi lao: mbona kuna upepo wa bahari? Upo, na unasaidia sana, kwa sababu huifagia hewa iliyoshiba mvuke kando ya ngozi na kuleta nyingine. Ila una saa zake na mwelekeo wake. Alfajiri, wakati mbio nyingi zinapoanza, bahari na nchi kavu zimekaribiana joto, na pepo za pwani mara nyingi huwa zimelala. Upepo wa bahari huamka jua likishaipasha ardhi. Kisha anayekimbia kuelekea kaskazini wakati wa kusi, huku upepo ukimsukuma mgongoni kwa kasi iliyo sawa na yake, anakimbia ndani ya hewa iliyotulia kabisa. Atafurahia msukumo huo kwa kilomita kadhaa, kisha atashangaa kwa nini kichwa kinawaka.

Pingamizi la pili ni la mazoea. Ni kweli kwamba siku 10 hadi 14 za mazoezi katika joto huubadilisha mwili: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hupoteza chumvi kidogo. Anayeshuka kutoka bara siku moja kabla ya mbio hana hazina hiyo. Lakini mazoea huongeza jasho. Hayaongezi nafasi hewani ya kulipokea.

La tatu ndilo hatari zaidi, nalo ni ushauri wa kunywa maji kadiri uwezavyo. Maji ya kunywa hurudisha yaliyopotea, ila hayaikaushi ngozi. Na yakizidi huleta balaa lake. Katika marathoni ya Boston ya 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana sodiamu iliyoshuka kupita kiasi. Walioelekea zaidi kupatwa ni walioongezeka uzito njiani, yaani waliokunywa kuliko walivyotoa jasho, na waliotumia zaidi ya saa nne. Hao wa mwisho ndio wakimbiaji wa ridhaa hasa, wenye muda wa kusimama katika kila kituo cha maji. Kunywa kwa kufuata kiu kunawafaa wengi wao.

Hapo ndipo mtu atauliza: je, anayekwenda polepole hazalishi joto dogo kwa saa, na hivyo yu salama zaidi? Kwa kiharusi cha joto, ndiyo, kwa kiasi fulani. Falmouth, mji wa pwani ya Marekani, ina mbio za Agosti zenye maili 7 tu, na kwa miaka 18 madaktari wake walitibu visa 274 vya kiharusi hicho, kwa kuwa masafa mafupi hualika kasi kubwa. Wote 274 walipona, baada ya kuzamishwa haraka kwenye mabeseni ya maji ya barafu palepale, kifaa ambacho kamati yoyote ya mbio inaweza kukimudu. Lakini anayekwenda polepole hujitengenezea upepo mdogo, na jua humkuta bado njiani. Utafiti wa 2007 uliochambua marathoni saba za Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba kadiri joto linavyopanda, wa nyuma hupoteza asilimia kubwa ya muda wao kuliko wa mbele.

Ndiyo maana naona utaratibu wetu wa kuanza mbio umekaa kinyume. Mwenye saa mbili na nusu, akianza saa 12 asubuhi, amekwisha kuoga saa 3. Mwenye saa tano anaambiwa asimame nyuma yake, na saa 4 yuko kilomita ya 33, lami imechemka. Hao wa saa tano wangetangulia saa 10 usiku. Waandaaji watajibu kwamba barabara haziwezi kufungwa usiku wote na kwamba wenye kasi wangekwama nyuma ya umati, na hilo la pili ni tatizo kweli kwenye njia nyembamba kama za Mji Mkongwe. Kwenye barabara pana ya ufukweni si tatizo la kushinda koni na taa chache.