Kishale Kinapotembea Chenyewe

Wakati wa kuandika kazi za mwisho wa masomo ukifika, kilio hurudi kilekile: kishale kinatembea chenyewe kwenye skrini. Uko ukurasa wa 40, mara sentensi yako inajichomeka katikati ya ukurasa wa 38. Au aya nzima inageuka rangi, unagusa herufi moja, aya imefutika. (Hapo bonyeza Ctrl na Z upesi, kabla ya jambo lingine lolote.) Wengi husema ni virusi. Mara nyingi sivyo. Ni kama katika sentensi ya kutendwa: mtendaji hajatajwa, lakini yupo, na kazi ni kumtafuta.

Anza na mkono wako. Kibao cha kugusa kilicho chini ya kibodi hakipimi uzito wa kidole. Hupima mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na ngozi. Ndiyo maana kiganja kikipita juu yake bila wewe kujua, kishale kinahama. Jasho na unyevu hukidanganya vilevile, kwa hiyo kipanguse kwa kitambaa kikavu. Kisha chomoa chaja. Kishale kikitulia, shaka iangukie umeme: chaja isiyo bora, plagi isiyo na waya wa ardhi, au umeme wa jenereta usiotulia, ambao wengi wetu tunaujua vizuri. Andika kwa betri, au funga kibao hicho katika mipangilio na uchomeke kipanya cha waya.

Wenye ThinkPad wana mshukiwa wa pili: kile kijiti chekundu kati ya herufi G, H na B, ambacho IBM ilikileta mwaka 1992. Kijiti hiki karibu hakisogei. Hupima msukumo wa kidole, na mara kwa mara hujipangia upya sifuri yake. Ukikisukuma muda mrefu upande mmoja, huweza kudhani msukumo ule ndio utulivu. Ukiachia, kishale kinakimbia upande wa pili. Hapo watu hukosea: wanashindana nacho, wanakisukuma tena, na sifuri inazidi kupotea. Ondoa kidole, subiri sekunde chache, kitajirekebisha. Kisipotulia, tazama kofia yake nyekundu; ikiwa imechakaa au inagusana na herufi za jirani, ibadilishe.

Yuko mtendaji mmoja wa hatari: betri iliyovimba, inayosukuma kibao kutoka chini. Tazama kompyuta kwa ubavu. Kibao kimeinuka? Hakibonyei kama zamani? Mashini inayumba juu ya meza iliyo sawa? Izime, usiichaji tena, na betri usiitoboe wala kuikandamiza, kwa maana inaweza kushika moto. Usiiwashe eti umalizie sura moja. Kazi yako iko kwenye diski, siyo kwenye betri. Fundi ataitoa betri kwanza, kisha atakunakilia faili zako.