Kelele za bunduki na kinga ya masikio

Kelele za bunduki ni mlio mkali unaotokea risasi inapofyatuliwa. Mlio huo ni kati ya sauti kali kuliko zote ambazo binadamu hukutana nazo kwa karibu. Tofauti na kelele za kiwandani, ambazo kwa kawaida hudhuru usikivu kwa miaka mingi, mlio mmoja tu wa bunduki unaweza kumwachia mtu uziwi wa kudumu. Wanaohusika zaidi ni askari, polisi, walinzi, wawindaji na wanamichezo wa kulenga shabaha, pamoja na watu wanaosimama karibu nao.

Kinga ya masikio ni jumla ya vifaa na taratibu zinazopunguza sauti hiyo kabla haijafika ndani ya sikio. Hakuna kifaa kimoja kinachotosha peke yake kwa kila hali. Usalama hupatikana kwa kupunguza sauti kwenye bunduki yenyewe, kukaa mbali na chanzo chake na kufunika masikio ipasavyo.

Asili ya mlio

Mlio wa bunduki ya rifle una vyanzo vitatu.

Cha kwanza ni mlipuko kwenye mdomo wa mtutu. Baruti ikiungua hugeuka gesi yenye joto na shinikizo kubwa inayoisukuma risasi mbele. Risasi ikishatoka, gesi hiyo hufumuka ghafla hewani na kusababisha wimbi la mshindo. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha kelele kwa mpigaji mwenyewe. Mtutu ukiwa mfupi, gesi hutoka ikiwa bado na shinikizo kubwa, hivyo mlio huwa mkali zaidi.

Cha pili ni mpasuko wa risasi ikiwa angani. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde, lakini risasi nyingi za rifle huenda kasi zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa mfano, risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 715 kwa sekunde. Kitu kinachopita kasi ya sauti huburuta wimbi la mshindo nyuma yake, sawa na ndege za kivita zinavyofanya. Mpasuko huo husikika njia nzima ya risasi, si penye bunduki tu.

Cha tatu ni mgongano wa vyuma vya bunduki wakati wa kufyatua na kupakia risasi nyingine. Sauti hii ni ndogo kuliko zile mbili.

Kipimo cha desibeli

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakihesabiwi kama mita au kilo. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Zikiongezeka 20, huwa mara 100. Kwa sababu hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi huwa kubwa mno kwa sikio.

Mazungumzo ya kawaida huwa na desibeli 60 hivi. Kazini, wataalamu wengi huchukua desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa kuanza kujikinga. Kwa milio ya ghafla, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza katika miongozo yake ya mwaka 1999 kwamba kilele cha sauti kisizidi desibeli 140 kwa watu wazima na 120 kwa watoto. Bunduki ndogo ya kaliba .22 hukaribia desibeli 140 au kuzipita kidogo, na rifle nyingi za kijeshi na za kuwindia hutoa kati ya 150 na 170. Mlio wa desibeli 165 una nguvu zaidi ya mara 300 kuliko ule wa 140.

Sikio linavyodhurika

Sauti huingia kwa njia ya tundu la sikio, hutikisa ngoma ya sikio, kisha hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi kwenye koklea, kiungo chenye umbo la konokono kilichojaa majimaji. Ndani yake zipo seli zenye vinyweleo, ambazo hubadilisha mtikisiko kuwa ishara za neva ziendazo kwenye ubongo. Kila sikio lina seli hizo takriban 15,000 tu, na kwa binadamu zikifa hazioti tena.

Sikio lina kinga yake ya asili: kuna misuli midogo inayokaza vifupa sauti inapokuwa kubwa. Lakini misuli hiyo huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mlio wa bunduki huwa umekwisha kupita. Vilevile imani kwamba masikio "huzoea" kelele si sahihi. Mpigaji wa miaka mingi asiyeshtuliwa tena na mlio mara nyingi ni mtu ambaye sehemu ya usikivu wake imekwisha kupotea.

Madhara ya kwanza huwa kwenye sauti nyembamba, hasa kati ya hezi 3,000 na 6,000. Katika lugha, hizo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f, sh na th. Mwathirika huwasikia watu wakisema, ila hatofautishi maneno kama "fika" na "shika", hasa penye makelele. Kwa kuwa hakuna maumivu, wengi huwalaumu wasemaji kwamba wananong'ona, na hugundua tatizo likiwa limekomaa.

Dhara lingine ni tinitasi, yaani mlio au mvumo usiokoma masikioni ingawa nje kuna kimya. Miongoni mwa wanajeshi wastaafu wa Marekani, tinitasi ndiyo hali inayoongoza kwa idadi ya wanaolipwa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi.

Kwa wanaotumia rifle, sikio moja mara nyingi huumia kuliko lingine. Anayeegemeza kitako cha bunduki bega la kulia huelekeza sikio la kushoto upande wa mdomo wa mtutu, huku la kulia likikingwa kiasi na kichwa chake. Daktari akikuta tofauti ya namna hiyo, huweza kuuliza kama mgonjwa amewahi kutumia bunduki.

Kupunguza sauti kwenye bunduki

Kifaa kinachojulikana zaidi ni kiwambo cha sauti, ambacho wengine hukiita sailensa. Ni mrija unaofungwa kwenye mdomo wa mtutu, wenye vyumba kadhaa ndani yake. Gesi hupita chumba hadi chumba, hupanuka na kupoa, kisha hutoka nje ikiwa imepungukiwa na shinikizo. Kanuni yake ni ileile ya ekzosi ya gari.

Kiwambo hupunguza takriban desibeli 20 hadi 35. Katika filamu bunduki yenye kiwambo hutoa sauti ndogo kama ya mtu kutema mate; jambo hilo si kweli kwa rifle. Mlio wa desibeli 165 ukipungua kwa 30 hubaki 135, sauti ambayo bado husikika mbali. Tena kiwambo hakiwezi kuzuia mpasuko wa risasi angani. Kuuondoa mpasuko huo hutaka risasi maalumu ziendazo polepole kuliko sauti, ambazo zina nguvu ndogo na hushuka mapema. Kwa hiyo anayetumia kiwambo hushauriwa kuvaa kinga ya masikio vilevile.

Kinyume chake kuna kipunguza msukumo, kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachoelekeza gesi pembeni au nyuma ili bunduki isirudi kwa nguvu begani. Kifaa hiki humpa mpigaji nafuu ya bega, lakini humwongezea kelele yeye na hasa walio pembeni yake.

Historia na sheria ya kiwambo cha sauti

Kiwambo cha kwanza kilichouzwa kwa wingi kilibuniwa na Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepewa hataza yake mwaka 1909. Huyu ndiye pia aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani mwaka 1914. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bombomu la Maxim mwaka 1884, silaha iliyotumika sana katika vita vya kikoloni barani Afrika. Baba huyo aliishi uzeeni akiwa karibu kiziwi kabisa kutokana na kelele za silaha zake mwenyewe.

Mwaka 1934 Marekani ilipitisha sheria iliyodai kila kiwambo kisajiliwe na kulipiwa kodi ya dola 200, kiasi kikubwa sana kwa wakati ule. Sheria ya mwaka 2025 ilifuta kodi hiyo kuanzia Januari 2026, ila usajili umebaki. Wanaounga mkono viwambo hutaja afya ya masikio na utulivu wa majirani wa viwanja vya shabaha. Wanaovipinga huhofia kwamba mlio ukipungua, watu na polisi watachelewa kujua risasi imepigwa wapi. Huko Norwei na Finland viwambo ni kifaa cha kawaida cha wawindaji. Nchi nyingine huvidhibiti vikali kama silaha yenyewe, hivyo kumiliki kimoja bila kibali kunaweza kuwa kosa la jinai.

Umbali na mahali

Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Watazamaji wanaorudi nyuma kutoka mita 2 hadi mita 16 hupata nafuu ya desibeli 18 hivi bila gharama yoyote. Kusimama nyuma ya mpigaji ni nafuu kuliko kusimama ubavuni mwa mtutu. Ndani ya jengo, au chini ya paa la bati, sauti hurudishwa na kuta na madhara huongezeka.

Vifaa vya kuvaa

Vizibo huingizwa ndani ya tundu la sikio. Vile vya sponji ni rahisi na huzuia sauti vizuri, mradi vivaliwe ipasavyo: husokotwa kwa vidole safi hadi viwe vyembamba, sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kizibo huingizwa ndani na kushikiliwa kwa nusu dakika hivi hadi kitanuke. Kizibo kinachochungulia nje hakikingi sana. Pamba au kipande cha karatasi si kinga.

Vifunika masikio hufunika sikio zima kwa vikombe viwili vilivyounganishwa na utepe wa kichwani. Huvaliwa haraka, lakini miwani, nywele nyingi au kofia huacha upenyo wa sauti. Kitako cha bunduki pia huweza kukisogeza kikombe wakati wa kulenga.

Kwa rifle na kwa mazoezi ya ndani ya jengo hushauriwa kuvaa vyote viwili pamoja. Faida yake si kujumlisha namba zote mbili: kifaa cha pili huongeza desibeli 5 hivi tu juu ya kile kilicho bora. Hata hivyo kimoja kikilegea, kingine hubaki.

Kwenye paketi huandikwa namba ya kinga, inayoitwa NRR huko Marekani na SNR katika Ulaya. Namba hizo hupatikana maabara. Kwa mtumiaji wa kawaida kinga halisi mara nyingi huwa pungufu.

Askari na wawindaji wengi hukataa kinga kwa hofu ya kutosikia amri, hatari au mnyama. Kwa ajili hiyo vipo vifunika vya kielektroniki, ambavyo huruhusu maongezi kupita na kuziba mlio unapotokea. Vipo pia vizibo vinavyopitisha sauti ndogo na kuzuia kubwa, lakini navyo hutegemea jinsi vinavyokaa sikioni. Maelfu kwa maelfu ya wanajeshi wa Marekani walishtaki kampuni ya 3M kwamba vizibo vyake vya aina hiyo vilikuwa vikilegea bila wao kujua. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6 kumaliza kesi, bila kukiri kosa.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki walio hatarini ni pamoja na wanajeshi, polisi, walinzi wenye silaha na askari wa wanyamapori. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ilhali Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, na waongozaji na wabeba mizigo husimama karibu na bunduki kama mwindaji mwenyewe. Wakulima wanaofyatua gobore kufukuza wanyama waharibifu, na waamuzi wa riadha wanaoanzisha mbio kwa bastola, nao huhitaji kinga. Pale ambapo vifaa maalumu havipatikani, vizibo vya sponji vinavyotumika viwandani hufaa, navyo ni vya bei ndogo.

Dalili na matibabu

Mlio masikioni, hisia ya masikio kuziba au sauti kufifia baada ya kupiga risasi ni dalili kwamba sikio limezidiwa. Usikivu unaweza kurudi baada ya saa au siku kadhaa, lakini kurudi huko hakuthibitishi kwamba hakuna seli zilizokufa. Uziwi wa ghafla, damu au majimaji yakitoka sikioni, au kizunguzungu, humtaka mtu aende hospitali upesi, kwa kuwa dawa zinazoweza kusaidia hufaa zaidi zikianza mapema. Uziwi uliokwisha kuwa wa kudumu hauponywi. Mgonjwa husaidiwa kwa shime sikio, yaani kifaa cha kukuza sauti, ambacho hakirudishi usikivu wa awali. Kwa wanaotumia bunduki mara kwa mara, kupimwa usikivu kila mwaka huonyesha upungufu kabla wenyewe hawajautambua.