Umeme Majumbani: Kila Chombo Kizito na Njia Yake



Hapa Mwakirunge, kama ilivyo kwingi Kisauni, nyumba hukua pamoja na familia. Huanza vyumba viwili. Kijana akioa, huongezwa cha tatu, kisha jiko. Kuta hujengwa kwa hesabu, lakini umeme mara nyingi huungwa tu: waya huvutwa kutoka soketi ya chumba cha zamani hadi kipya, na mzigo wa wote ukabaki juu ya waya uleule. Hapo ndipo hatari huzaliwa.

Natupige hesabu. Umeme wetu ni wa volti 240. Soketi ya pini tatu hustahimili ampea 13, yaani wati 3,120. Birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na sufuria ya umeme ya wati 600, vikiwashwa pamoja juu ya ekstensheni moja, hufika wati 3,800, karibu ampea 16. Waya uliozidiwa hupata joto, plastiki yake huyeyuka, na moto hauko mbali.

Kwa sababu hiyo kanuni hugawa njia. Taa huwa na njia yake, kwa desturi waya wa milimita mraba 1.5 na breka ya ampea 5 au 6. Soketi huwa na nyingine, waya wa 2.5, unaotoka kwenye sanduku la breka, ukapita soketi zote na kurudi sandukuni. Jiko la umeme na hita ya maji ya kuogea, kila kimoja hupewa waya mnene zaidi na breka yake peke yake.

Breka huwekwa kuulinda waya. Ikijizima mara kwa mara, inaonya. Anayeing'oa na kuweka kubwa zaidi amemnyamazisha mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Wala tusiupuuze waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano. Mwili wa friji ukishika umeme, waya huo huupeleka ardhini na breka ikaanguka, badala ya umeme kumpitia mama aliyesimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji.

Kazi hii si ya kila ajuaye kukaza skurubu. Mafundi wa umeme nchini hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA. Enyi akina mama, mna haki ya kuuliza leseni kabla ya ukuta kutobolewa. Nawe mwenye nyumba ya kupangisha, roho za wapangaji wako ni amana. Kodi unayopokea haikuondolei dhamana hiyo.

Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza tuzime taa za moto kabla ya kulala. Moto wa leo umo ndani ya ukuta, hauonekani. Kuuzuia huanza siku waya unapolazwa. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.