Fila ya Midomo Inapohama Mahali Pake

Katika uso wa mwanadamu hakuna kiungo, ghairi ya kope za macho, kifanyacho kazi nyingi kuliko mdomo, maana tangu alfajiri mtu anapoitikia salamu ya jirani hadi usiku anapomaliza dua yake ya mwisho, yeye huubana, huufumba, huufumbua na kuuzungusha pasipo kuhesabu. Na sehemu kubwa ya kazi hizo hutendwa na msuli wa duara uliolala chini ya ngozi nyembamba ya midomo, ambao wengi wetu huzaliwa nao na kuzeeka nao bila kuujua. Nauanza na msuli huu kwa makusudi. Mashaka ninayotaka kuyaeleza hutokana kwa sehemu kubwa na kusahauliwa kwake na watu wawili: anayetaka midomo yake ijazwe, na anayeshika sindano ya kuijaza.

Fila ni dawa nzito ya uteute inayodungwa midomoni ili ijae na kutuna. Dada zetu wa Singida mjini, Manyoni na Kiomboi huiona katika TikTok na Instagram kabla ya kuiona kwa macho, na mwenye nauli na hamu aghalabu huifuata Dar es Salaam, safari ambayo zamani ilikuwa ya kutwa nzima barabarani, lakini tangu mwaka 2024 mtu aweza kupanda basi asubuhi katika stendi ya Misuna, akateremka Dodoma baada ya kilomita kama 240, kisha akaunganisha kwa treni ya SGR hadi pwani. Sisemi haya kwa kuwalaumu. Kuupamba mdomo ni tabia kongwe katika nchi hii: mabibi wa Kimakonde wa kusini, kabla desturi ile haijafifia, walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya ya mti, na waliovaa walihesabiwa warembo. Naamini kwa dhati kwamba binti wa Kinyaturu au wa Kinyiramba, aliyejaaliwa midomo iliyojaa kwa ukarimu wa Muumba, hana upungufu wa kutibiwa. Hata hivyo uso ni wake, na haki yake ni kuambiwa ukweli kabla hajalipa.

Fila nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa asidi ya hialuroni, ambayo si kitu kigeni mwilini. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, waliitoa katika ute wa jicho la ng'ombe. Baadaye ikabainika kwamba imo katika ngozi, katika maungo ya magoti, na kwa wingi wa ajabu katika undu wa jogoo, hata ikawa kwa miaka mingi viwanda viliichuja kutoka vichwa vya majogoo kabla ya kujifunza kuipata kwa bakteria. Wafugaji wetu wa kuku wa kienyeji, ambao sifa za kuku wao zimefika Dar es Salaam na kwingineko, huenda wakastaajabu kusikia kwamba kile chekundu wanachokitupa jalalani kimewahi kuwa chanzo cha urembo wa Ulaya. Mtu mzima wa kilo 70 anayo asidi hiyo kiasi cha gramu 15, na kila siku mwili huvunja karibu theluthi yake na kuifanya upya. Kwa kuwa ile ya asili haidumu, watengenezaji wa fila huzifunga nyuzi zake kwa kemikali zishikamane, ndipo inapopata uzito na uhai mrefu. Wauzaji husema hudumu miezi 6 hadi mwaka. Lakini picha za MRI zilizopigwa nyuso za watu zimeonyesha masalia yake miaka kadhaa baada ya sindano ya mwisho, na ukweli huu mmoja wabadili hesabu yote, maana anayeongeza kila baada ya miezi michache kwa kudhani kwamba ile ya kwanza imekwisha, kumbe anaweka mpya juu ya kuukuu.

Hapo ndipo kuhama kunapoanza. Mdomo una nafasi yake yenye mpaka, na nafasi hiyo ni ndogo. Bomba moja la fila kwa kawaida ni mililita 1, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai, na bado kiasi hicho huweza kuwa kingi kwa mdomo mwembamba. Nafasi ikishajaa, ute hutafuta pa kwenda, kama maji ya mvua yanavyoliacha tuta lililojaa na kufuata mfereji, na njia iliyo rahisi ni ile ya juu, kupita ukingo wa mdomo na kuingia katika ngozi iliyo kati ya mdomo na pua. Msuli wa duara, ambao hautulii, huusukuma kila mtu anaponena au kunywa chai. Sindano iliyoingizwa ndani ya msuli wenyewe huzidisha balaa. Kadhalika ile iliyodungwa kutoka nje ya ukingo, kwa kuwa huacha kijia ambacho ute hukirudia. Na tena ukandaji wa nguvu wa mtu asiyejua anachokanda.

Dalili zake zadhihirika kwa mwenye kutazama vizuri. Simama dirishani mchana, mwanga ukija kwa ubavu. Mdomo wa juu ulio mzima una mstari mwembamba unaoinuka kidogo na kung'aa, ukitenganisha wekundu au weusi wa mdomo na ngozi ya uso, na chini ya pua upo mfereji wenye kingo mbili. Fila ikihama, mstari ule hufifia, mfereji hupungua kina, na juu ya mdomo hutokea uvimbe mpana uliotulia mithili ya sharubu isiyo na nywele. Mtu akicheka, mdomo wa juu hausambai bali husogea mbele. Akitazamwa kwa ubavu, sehemu iliyo chini ya pua imetuna kuliko mdomo wenyewe. Wengine huhisi wakiupitisha ulimi kwa ndani kwamba kuna vigololi vidogo vigumu. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwenye hali hii, akiona mdomo wake umepoteza umbo, mara nyingi hurudi kuongezewa nyingine, na mfanyabiashara asiye na insafu humwongezea.

Hata hivyo si kila uvimbe ni fila iliyohama. Siku za kwanza baada ya sindano mdomo huvimba na hata kuvilia damu, na hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Uko pia uvimbe wa maambukizi au wa mwili kuikataa dawa, unaoweza kuzuka miezi mingi baadaye, nao una tiba yake mbali. Kwa ajili hiyo tabibu mwangalifu hupitisha kipimo cha ultrasaundi kuona fila imelala wapi kabla ya kugusa chochote. Na iko dharura moja isiyongoja kipimo wala miadi: ikiwa wakati wa sindano au saa chache baadaye ngozi inapauka au kuwa na mabaka ya zambarau, na maumivu yanazidi badala ya kupungua, huenda fila imeziba mshipa wa damu, na kila saa inayopotea ni nyama inayokufa; mtu huyo apelekwe hospitali papo hapo.

Kuhama kwa vitu vilivyodungwa usoni si jambo la leo. Mwaka 1899 huko Vienna, daktari Robert Gersuny alianza kudunga parafini laini, mafuta mazito ya jamii ya vaselini, mwilini mwa watu, na mtindo ukaenea upesi kabla madhara yake hayajajulikana. Miongoni mwa walioathirika ni Gladys Deacon, mrembo wa Kimarekani aliyekuja kuolewa na Duke wa Marlborough wa Uingereza mwaka 1921. Katika ujana wake alitaka pua yake inyooke, akadungwa parafini, nayo ikateremka taratibu mpaka kidevuni, akaishi na uso ulioharibika hadi alipofariki mwaka 1977. Kwa parafini hapakuwa na dawa ya kuiyeyusha. Hali ni hiyo hiyo leo kwa silikoni ya maji na baadhi ya vijazo vya plastiki, ambavyo huondolewa kwa kisu tu, na kisu mdomoni huacha kovu.

Kwa fila ya asidi ya hialuroni, Mungu ashukuriwe, dawa ipo. Ni kimeng'enya kiitwacho hialuronidezi, kinachokata nyuzi za asidi hiyo, na habari zake zamhusu mtu wa Singida kuliko anavyodhani, kwa sababu kimeng'enya cha jamii hiyo kimo ndani ya sumu ya nyuki. Mfugaji wa nyuki wa Itigi au Manyoni, na Mhadzabe wa Mkalama anayepanda mbuyu kufuata asali, anajua jinsi nyuki mmoja awezavyo kuvimbisha mdomo mzima kwa dakika chache. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya hicho, kinacholegeza nyama ili sumu ipenye. Kile kinachotumiwa na matabibu aghalabu hutolewa katika korodani za kondoo au fahali, na kingine hutengenezwa maabara kwa mfano wa kile cha binadamu. Kwa kuwa vimeng'enya hivi vinafanana, aliyewahi kuumwa na nyuki akazimia, akabanwa pumzi au akatokwa na mabaka mwili mzima, yuko katika hatari ya kupatwa na hali hiyo hiyo kwa dawa hii, naye lazima amwambie tabibu kabla. Katika mkoa wenye mizinga mingi kama wetu, swali hilo lapasa kuulizwa kwa kila mgonjwa, na tabibu asipouliza, mgonjwa aseme mwenyewe.

Kazi yenyewe si ndefu. Unga wa dawa huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali, hujaribiwa kidogo katika ngozi ya mkono ikiwa hakuna dharura, kisha hudungwa kwa sindano nyembamba palepale fila ilipohamia, na tabibu hukanda polepole. Huchoma, na mdomo huvimba siku hiyo. Ute huanza kulegea ndani ya saa chache, na sehemu kubwa huondoka katika siku moja au mbili; baada ya wiki mbili hivi tabibu hutazama tena, na pakibaki kitu hurudia. Mwanamke akijitazama kwenye kioo siku ya tatu, huenda akaona midomo yake imenywea, akalia kwamba amenyang'anywa hata aliyozaliwa nayo. Lakini asidi ya asili mwili huirudisha upesi, na umbo la zamani huja. Anayetaka kujaza tena asikubali kufanyiwa siku ile ile, wala asikubali kiasi kile kile kilichomfikisha hapo.

Hapa pana jambo linalonikera, nami nalisema wazi. Watu wasio matabibu wanadunga nyuso za watoto wetu katika vyumba vya saluni, na wengine huuza kalamu zinazosukuma dawa bila sindano, ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi yake mwaka 2021. Anayejua kujaza lakini hana hialuronidezi mezani hajajiandaa kwa kazi hiyo. Tanzania Bara dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, na usajili wa madaktari uko katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Mlango wa kuuliza, basi, upo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na binti, mdogo wako au rafiki aliyeazimia kwenda, mwombe mambo machache. Aulize jina la daktari na usajili wake kabla ya kuuliza bei. Fila ifunguliwe mbele ya macho yake, na lebo ya boksi, yenye jina la dawa na namba ya toleo, aipige picha, kisha aandike pembeni tarehe na mililita alizodungwa. Tabibu atakayeitwa kuirekebisha, awe Dodoma au Dar es Salaam, ataiomba kumbukumbu hiyo kwanza, maana pasipo kujua kilichoingia hawezi kuamua cha kukitoa.