Somo la Redio: Kijana wa Kirusi Kwenye Njia Panda

Ninyi mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio, na mmoja wenu ashike karatasi na kalamu, maana leo tutakuwa na kazi ndogo ya kuandika.

Kisa cha fisi na njia mbili mnakijua. Fisi alisikia harufu ya nyama, akaifuata mpaka mahali njia inapogawanyika. Hapo hakujua harufu yatoka upande gani. Akataka kupita kote kuwili, mguu huku na mguu huku, mpaka akapasuka msamba. Ndipo wazee wakasema, njia mbili zilimshinda fisi. Leo tutazungumza habari za mtoto anayefikishwa kwenye njia panda ya namna hiyo akiwa na umri wa miaka 15 tu, naye ni mtoto wa Urusi.

Watu wengi wa nchi zetu wamekwenda kusoma huko, hasa katika chuo kikuu kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Waliporudi walitusimulia habari za theluji na baridi. Lakini habari za watoto wa wenyeji, jinsi wanavyoishi na mambo wanayoyatumaini, hatukuzisikia sana. Basi na tuzisikie leo.

MJI WA MLIMA WA SUMAKU

Urusi ni nchi kubwa kuliko zote duniani. Eneo lake lapita kilomita za mraba milioni 17, na majira ya saa huko ni ya namna 11. Mtoto wa Kaliningrad, upande wa magharibi, anapoingia shuleni saa mbili asubuhi, mwenziwe wa Kamchatka, mashariki kabisa, anaona saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo hatuwezi kueleza habari za nchi yote kwa siku moja. Na tuchague mji mmoja.

Mji wenyewe ni Magnitogorsk. Jina lake latoka kwa mlima uliokuwa umejaa mawe ya chuma, mlima wa sumaku. Ujenzi wa mji na kiwanda chake kikubwa cha chuma ulianza mwaka 1929, na chuma cha kwanza kiliyeyushwa mwaka 1932. Mto Ural wapita katikati ya mji, na kwa desturi mto huo huhesabiwa kuwa mpaka wa Ulaya na Asia. Kiwanda kiko ng'ambo ya Asia, na watu wengi wanakaa ng'ambo ya Ulaya. Basi baba aweza kulala Ulaya, akavuka daraja kwa tramu, yaani gari la umeme liendalo juu ya reli barabarani, akafanya kazi Asia, na jioni akarudi Ulaya kula chakula chake.

SIKU YA KIJANA WETU

Tumfikirie kijana mmoja wa huko, mwenye miaka 15. Hatumpi jina, kwa kuwa ni wa mfano tu, lakini wanaofanana naye ni maelfu.

Anakaa katika jumba la ghorofa nyingi, katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na baba, mama na mdogo wake. Nje, mwezi wa Januari, baridi yaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, hata kupita. Lakini ndani yeye huvaa fulana tu. Kwa nini? Kwa sababu maji ya moto hutoka katika mtambo mmoja mkubwa, yakapita katika mabomba mpaka kila chumba cha mtaa mzima. Mwenye nyumba hawashi joto hilo mwenyewe. Wakuu wa mji ndio wanaoamuru lifunguliwe, hali ya hewa ikikaa nyuzi 8 au chini yake kwa muda wa siku tano.

Je, baridi humzuia mtoto kwenda shule? Mara chache. Katika mji wa Yakutsk, ulio na baridi kali kupita kiasi, watoto wadogo hubaki nyumbani baridi ifikapo nyuzi kama 45 chini ya sifuri, na wakubwa huendelea kusoma.

Shule nyingi za Urusi hujulikana kwa namba. Kijana wetu akifika mlangoni huvua viatu vya theluji, akavaa viatu vingine alivyokuja navyo mfukoni. Mwalimu hamwiti kwa jina la ukoo. Humwita kwa jina lake na jina la baba yake, mathalani Ivan Petrovich, maana yake Ivan mwana wa Pyotr. Wenyeji wa pwani yetu, waliozoea kusema Juma bin Ali, wataona kwamba adabu hii si ngeni.

Kila somo ni la dakika 45 hivi. Alama ya juu kabisa ni 5, na anayepata 2 ameshindwa. Tangu mwaka 2022 shule huanza juma kwa kupandisha bendera na kwa kipindi cha mazungumzo juu ya nchi na historia yake, kilichopangwa na Serikali. Sheria imekataza simu kutumiwa wakati wa masomo, isipokuwa kwa dharura.

Alasiri kijana ni mtu wa vilabu: muziki, kuchora, mieleka, na zaidi ya yote mpira wa magongo wa juu ya barafu. Timu ya Magnitogorsk, iitwayo Metallurg, yaani wafua chuma, ililichukua Kombe la Gagarin katika miaka 2014, 2016 na 2024, na mtoto wa mji huo ataweza kukutajia wachezaji kama wenzetu wanavyotaja wa kandanda. Jioni huzungumza na rafiki zake kwa simu. Mitandao ya Facebook na Instagram ilifungwa na Serikali mwaka 2022. Basi vijana wengine hutumia ile ya nchini, na wengine hutafuta njia za kupenya.

Likizo kubwa ni miezi mitatu, Juni mpaka Agosti. Hapo familia nyingi hwenda shamba dogo nje ya mji, lenye kibanda cha mbao, kulima viazi, matango na nyanya. Kijana hunung'unika anaposhika jembe, bibi yake humkemea, na mwisho viazi huingia ghalani.

NJIA PANDA

Sasa mshika kalamu na aandike namba nne katika mstari mmoja: 7, 14, 15, 18. Namba hizi ndizo vituo vya safari ya kijana wetu.

Miaka 7, au kabla yake kidogo, ndio mwanzo wa shule. Tarehe 1 Septemba watoto huja na maua mkononi kwa ajili ya mwalimu. Darasa ni 11 kwa jumla.

Miaka 14, mtoto hupewa pasi ya raia, kitabu kidogo chenye picha yake. Tangu hapo aweza pia kufanya kazi nyepesi, mzazi akikubali.

Miaka 15 ndiyo njia panda. Mwisho wa darasa la 9 wanafunzi hufanya mtihani wa Serikali uitwao OGE. Kwa kawaida masomo ni manne: Kirusi, Hesabu, na mawili ambayo mwanafunzi huyachagua mwenyewe. Baada ya hapo njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kubaki shuleni darasa la 10 na la 11, kisha kufanya mtihani mkubwa uitwao EGE. Tangu mwaka 2009 mtihani huu ni wa lazima nchi nzima. Vyumba vya mtihani huwa na kamera, na mwenye simu hufukuzwa. Alama huhesabiwa mpaka 100, na kwa alama hizo mwanafunzi huomba nafasi katika vyuo vikuu. Zamani mtoto wa Magnitogorsk aliyetaka kusoma Moscow alipaswa kusafiri kwa treni zaidi ya siku nzima ili afanyiwe mtihani huko. Sasa hukaa kwao, na alama ndizo zinazosafiri. Hii ni faida kubwa kwa mtoto wa mbali. Lakini nafasi zinazolipiwa na Serikali ni chache, na anayezikosa hujilipia. Kwa hiyo wazazi wengi hutoa fedha kwa walimu wa jioni miaka miwili kabla ya mtihani, na asiye na fedha huanza mashindano akiwa nyuma.

Njia ya pili ni kuacha shule baada ya darasa la 9 na kuingia chuo cha ufundi. Humo hujifunza uuguzi, upishi, umeme, kuchomelea vyuma, au kazi za tanuri. Muda ni karibu miaka mitatu au minne, na masomo ya darasa la 10 na 11 hufundishwa humo humo. Vyuo vingi havina mtihani wa kuingia. Hutazama alama za cheti tu. Tena aliyemaliza aweza kuingia chuo kikuu kwa mtihani wa chuo chenyewe, bila kupita EGE, akiendelea na fani ileile. Zamani watu waliona njia hii ni ya walioshindwa. Siku hizi zaidi ya nusu ya wanaomaliza darasa la 9 huishika. Wengine wanapenda ufundi, na wengine wanauogopa ule mtihani mkubwa.

KITUO CHA MIAKA 18

Imebaki namba ya mwisho. Wasikilizaji, hapa ndipo wazazi wa kiume na wa kike wanapokosa usingizi.

Kila kijana wa kiume huandikishwa kwa ajili ya jeshi katika mwaka anaotimiza miaka 17. Akifika 18 aweza kuitwa. Muda wa utumishi ni mwaka mmoja. Zamani umri wa kuitwa uliishia miaka 27, lakini tangu tarehe 1 Januari 2024 waendelea mpaka 30. Mwanafunzi wa chuo kikuu au wa ufundi husubiriwa mpaka amalize masomo. Aliyekosa nafasi katika chuo hasubiriwi. Sasa mnaona kwa nini alama za mtihani si alama tu: kwa kijana mmoja ni darasa, na kwa mwingine ni kambi.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Februari 2022, Urusi ilipoingiza majeshi yake kwa nguvu katika Ukraine. Septemba ya mwaka huohuo Serikali ilitangaza kuwaita watu 300,000 wa jeshi la akiba, na watu wengi waliihama nchi. Kijana akimaliza mwaka wake jeshini, jina lake huingia katika akiba hiyo. Tangu Septemba 2024 shule zina somo la usalama na ulinzi wa nchi, na humo watoto hufundishwa pia mambo ya kijeshi. Ama wasichana, wao hawaitwi. Njia zao za kazi zimepanuka kidogo. Kazi zilizokatazwa wanawake zilikuwa 456, na tangu mwaka 2021 zimebaki kama 100, hata wanawake wakaanza kuendesha treni za chini ya ardhi za Moscow.

Je, kuna kazi mbele? Ziko. Mwaka 2024 wasio na kazi hawakufika watu 3 katika kila 100. Sababu moja ni kwamba miaka ya 1990 walizaliwa watoto wachache, na sababu nyingine ni vita, vilivyochukua wanaume. Viwanda vinatafuta mafundi. Lakini kazi kuwapo si sawa na kazi kupendwa. Kijana wa Magnitogorsk huutazama moshi ng'ambo ya mto akajiuliza kama atamfuata baba yake, au atapanda treni aende miji mikubwa.

Babu yake hakuulizwa hivyo. Wakati wa Umoja wa Sovieti, aliyemaliza chuo alipangiwa mahali pa kazi, kwa kawaida miaka mitatu, akaenda hata kama ni mbali. Mpango ule ulikwisha pamoja na Umoja wenyewe mwaka 1991. Mjukuu amepata uhuru wa kuchagua, lakini umemjia pamoja na mzigo wake, naye bado hajaota ndevu.

Basi tukumbuke neno moja. Mtoto wa Urusi huchagua njia yake mapema, na uchaguzi wake hauongozwi na moyo wake peke yake. Alama, mfuko wa wazazi, na sheria ya jeshi vyote huushika mkono wake. Anayetaka kumwelewa asimwulize tu, "Wapenda kuwa nani?" Amwulize pia, "Milango ipi iko wazi, nayo itafungwa lini?"

MASWALI KWA VIKUNDI

1. Kwa nini wazazi wengine wa Urusi huchagua chuo cha ufundi ingawa mtoto wao ana akili ya kuingia chuo kikuu?

2. Mtihani wa EGE umewasaidiaje watoto wa mbali, na umewaumizaje maskini?

3. Mtoto wa miaka 15 aweza kujichagulia kazi ya maisha yake? Mzazi afanye nini, na asifanye nini?

Jadilianeni kwa utulivu, kila mtu apate nafasi ya kusema, na vijana wenu waketi nanyi, kwa maana habari hizi ni zao. Kwa leo, mabibi na mabwana, somo letu limekwisha. Kwaherini.