Vishikwambi katika Darasa la Viwango Mseto

Ni nadra kwa darasa la lugha kuwa na wanafunzi wa kiwango kimoja, hata pale wote wanapokuwa na umri sawa na wamevaa sare moja. Katika Darasa la Pili la shule ya msingi nchini Tanzania, dawati moja linaweza kukaliwa na mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili tangu kuzaliwa, mwenzake anayezungumza Kizigua au Kimaasai nyumbani na kukutana na Kiswahili sanifu shuleni, na wa tatu aliyekosa elimu ya awali, ambaye bado hajatofautisha herufi b na d. Darasa la namna hiyo huitwa darasa la viwango mseto. Mwalimu anapowafundisha wote kwa ukurasa mmoja wa kitabu, walio mbele huchoka kusubiri, na walio nyuma huitikia kwa sauti kubwa pamoja na wenzao maneno ambayo hawawezi kuyasoma, hivyo kwamba mwitikio wa darasa zima humficha yule anayehitaji msaada zaidi.

Dawa ya tatizo hilo huanza kwa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Tathmini za Uwezo, mradi ulioanzishwa Afrika Mashariki mwaka 2009, zilitumia ngazi rahisi ambazo hata mzazi anaweza kuzifuata: mtoto husomeshwa silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi, na pale anapokwama ndipo kiwango chake kinapojulikana. Mfumo huo wa kupima ulitoka India, ambako shirika la Pratham lilikuwa likiwapanga watoto kwa kile wanachoweza kusoma badala ya umri au darasa lao, njia inayojulikana kama ufundishaji kwa kiwango stahiki. Ugumu wake ni wa hesabu tu: mwalimu ni mmoja, makundi ni matatu au manne, na kipindi ni kifupi.

Hapo ndipo kishikwambi, yaani kompyuta bapa ya mkononi inayoendeshwa kwa kugusa kioo, kinapopata nafasi yake. Programu nzuri ya kusoma huanza na jaribio fupi linalomweka mtoto kwenye ngazi yake, humpa zoezi jipya anapofaulu, humrudisha nyuma kidogo anapokosea, na huhifadhi kumbukumbu ya kila hatua. Zaidi ya hayo, kifaa hutoa sauti, jambo ambalo kitabu hakiwezi. Mtoto anayeliona neno “ng’ombe” akalisoma kana kwamba sauti yake ya kwanza ni ile ya “ngoma” hupuuza ritifaa, ile alama ndogo inayozitenga sauti hizo mbili. Programu humsikilizisha maneno yote mawili, humtaka aguse picha inayolingana na kila moja, kisha hulirudia zoezi hilo mara kumi bila kuchoka na bila darasa kumcheka. Uvumilivu wa namna hiyo mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana muda wa kuutoa kwa kila mmoja.

Ushahidi mkubwa wa uwezo wa vifaa hivyo ulipatikana katika Mkoa wa Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za jumla ya dola milioni 15 za Marekani, lilizitaka timu kutoka nchi mbalimbali kubuni programu ambayo ingemwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa msaada mdogo sana wa mtu mzima. Kwa muda wa miezi 15, programu tano zilizoingia fainali zilijaribiwa na watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kuhudhuria shule, huku vifaa vikichajiwa kwa umeme wa jua. Kwa mujibu wa waandaaji, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni, na idadi hiyo ilipungua kwa nusu jaribio lilipokwisha. Mwaka 2019 ushindi uligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na programu za fainali zikaachwa wazi ili yeyote aweze kuzitumia na kuziboresha.

Hata hivyo, jaribio la Tanga liliwalenga watoto wasio na mwalimu, kwa hiyo halijibu swali la darasa ambalo mwalimu yupo. Utafiti uliofanywa katika Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2016, unalikaribia zaidi swali hilo. Watafiti walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia pamoja na vitabu na mafunzo ya walimu: kuwapa vishikwambi wakufunzi wanaowatembelea walimu madarasani, kuwapa walimu wenyewe, na kuwapa wanafunzi visomeo vya kielektroniki. Njia zote tatu ziliinua usomaji, lakini kifaa mkononi mwa kila mwanafunzi hakikuleta faida kubwa kuliko kifaa mkononi mwa mkufunzi, ilhali gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Ina maana kwamba shule yenye vifaa vichache haina haja ya kusubiri hadi kila mtoto awe na chake.

Ichukuliwe shule yenye wanafunzi 60 na vishikwambi 15. Baada ya kuwapima, mwalimu huunda makundi manne ya wanafunzi kumi na watano: kundi moja huchukua vishikwambi, la pili huketi naye mkekani, la tatu husoma vitabu wawili wawili, na la nne huandika. Makundi hubadilishana nafasi kila siku, hivyo kwamba kufikia Alhamisi kila mtoto amepata siku moja ya kifaa na siku moja ya kusikilizwa na mwalimu kwa karibu. Mafanikio ya mpango huu hupimwa zaidi pale mkekani, kwa kuwa vishikwambi vimemwondolea mwalimu mzigo wa kundi zima kwa nusu saa.

Ijumaa darasa hukutana tena, na hapo hutumika kifungu kimoja kilichoandikwa kwa viwango vitatu. Wanaoanza husoma: “Asha ana kuku.” Wa kati husoma: “Kuku wa Asha ametaga mayai matatu chini ya ghala.” Walioendelea husoma: “Kuku wa Asha, aliyetafutwa tangu juzi bila kuonekana, alikutwa chini ya ghala ameatamia mayai matatu.” Picha ni moja na swali ni moja, kwamba kuku alikuwa wapi, na kwa hiyo hata anayeanza anaweza kunyoosha mkono. Lugha hukomaa kwa mazungumzo, na kioo hakiwezi kubishana na mtoto kuhusu aliyemficha kuku.

Vifaa vyenyewe huhitaji matunzo ya kawaida: programu zinazofanya kazi bila intaneti, visikilizio ili makundi yasisumbuane, kabati lenye kufuli, na mtu anayejulikana wa kuvichaji. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu wa Tanzania, na hata kimoja tu humwezesha mwalimu kurekodi usomaji wa kila mtoto mwanzoni na mwishoni mwa muhula, kisha kuzisikiliza sauti hizo mbili kwa kufuatana.

Kumbukumbu hizo zina faida zinapomfanya mwalimu ahamishe watoto. Wanafunzi hulitambua upesi kundi la wanaoanza, hata likipewa jina la ndege mzuri, na mtoto anayebaki humo mwaka mzima huanza kuamini kwamba hapo ndipo mahali pake. Kwa sababu hiyo, makundi yanafaa kupangwa upya kila baada ya wiki chache, na mtoto anayehama aelezwe waziwazi ni silabi zipi, maneno yapi au aya ipi aliyoisoma hata akastahili kuhama.